Aliyeitikia Jina la Tiya

Watu wa Isiolo husema kwamba mimi, Umulkheir, nilinyang'anywa nyumba na karani Ntongai kwa sababu ya mdomo wangu. Kweli nina mdomo, sikatai. Lakini nyumba ile niliitoa mwenyewe, mvua ikinyesha, na kabla sijazeeka nikaanza kusahau nataka ijulikane kwa nini.

Ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu, mume wangu Godana naye akafuata ng'ombe wake, Mungu amrehemu. Nikaja mjini na watoto watatu, nikajenga kibanda cha magunia nyuma ya mtaa wa Wabera, mahali ambapo kila aliyepoteza mifugo alikuwa akijibanza. Mvua za kwanza zikatukuta hapo. Gunia halizuii maji. Hunywa kwanza, halafu linakumwagia pole pole mpaka asubuhi. Mtoto wangu mdogo, Bule, alishikwa na kifua, na siku ya tano nikamzika. Nikabaki na Kabale, msichana wa miaka saba, na kaka yake Roba. Niliapa kwamba mvua nyingine haitawakuta hawa wawili chini ya magunia.

Kwa hiyo mradi wa nyumba ulipotangazwa, nilikuwa wa pili kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa Nurto, mama wa Kisomali mwenye sauti kama ya sajini. Yeye alikuwa amelala mlangoni pa ofisi.

Masharti yalikuwa haya. Mradi ulitoa ploti, simiti, mbao na mabati, na sisi tukatoa mikono. Watu kumi walifanya kikundi kimoja, na kikundi kilijenga nyumba kumi, zimeshikana mbili mbili kwa ukuta mmoja. Hakuna aliyejua nyumba yake ni ipi. Ulijenga zote kumi, na siku ya mwisho kila mtu angeokota karatasi yenye nambari kutoka kwenye sufuria. Wakubwa waliona hivyo hakuna atakayejenga yake vizuri na ya mwenzake ovyo. Na kila asubuhi saa mbili karani aliita majina. Ukikosa siku tatu, jina lako linakatwa. Kikundi kikipungua kumi kabla ya kura, kinavunjwa chote na nyumba zinapewa kikundi kinachongoja. Na waliongoja walikuwepo. Kila siku walikuja kusimama nje ya seng'enge wakatuhesabu kwa vidole, bila haya.

Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake watupu. Siku ya kwanza karani Ntongai, mtu wa upande wa Meru, alituangalia akauliza kama tunaweza kujenga. Tulicheka mpaka Nurto akakaa chini. Kwetu Borana nyumba ni ya mwanamke. Anaijenga yeye, na siku ya kuhama anaifungua, anaipakia juu ya ngamia, anaijenga tena mbele ya safari. Akiru, ambaye alikuwa Mturkana, alimwambia karani kwamba hata kwao ni hivyo, mwanamume ni mgeni ndani ya nyumba. Ntongai aliandika kitu kwenye rejista yake. Alikuwa mtu mwema, sina neno naye, ila aliipenda rejista kuliko nyuso za watu. Aliita majina ameinamisha kichwa, akisikia jibu anatia alama, basi.

Wa kumi wetu alikuwa Tiya. Alikuwa mwembamba, mrefu, mtu wa Sericho, hana mtoto, hana mume, na hakuna siku niliyomwona amenuna. Kila mtu alijibu karani kwa neno moja tu, "Niko!" Tiya alijibu, "Niko bwana, sijui wewe!" Tulicheka kila asubuhi, na kila asubuhi Ntongai hakucheka. Kwenye mstari wa kupitisha bloki Tiya alisimama kati yangu na Akiru. Nilimpenda. Nasema wazi, kwa sababu kwa niliyomtendea mtu anaweza kudhani sikumpenda.

Kuta zilipofika kwenye lenta, ule ukanda wa simiti juu ya madirisha, habari ilikuja kwamba mama yake Tiya, Ado, anaumwa huko Sericho. Tiya aliomba ruhusa ya siku mbili. Njia ya Sericho inajulikana, siku mbili ni za kwenda na kurudi tu kama lori halikuharibika. Akapanda lori la Kulmiye, dereva wa njia ile, akatupungia mkono juu ya magunia ya unga. "Umulkheir, usinipangie nyumba mbaya!" alipiga kelele.

Asubuhi ya siku ya tatu Kulmiye alinisimamisha kwenye lango la mradi. Alikuwa amevua kofia.

"Salaam aleikum, dada."

"Aleikum salaam. Umerudi na Tiya?"

"Tiya imebaki," alisema. "Homa ilimshika njiani. Tulifika Sericho bado anapumua, lakini hakufika jioni. Mama yake amepona, ndiye alimwosha. Wamemzika jana."

Nilikuwa bado nimeshika mkono wa lango wakati Ntongai alipoanza kuita. Niliingia kwenye mstari kwa sababu miguu ilijua njia. Aliita Nurto. Aliita Akiru. Niliona watu wa nje ya seng'enge wakinyoosha vidole, mmoja, wawili, watatu. Nikaona mawingu juu ya mlima, madogo bado. Nikafikiria kifua cha Bule. Ntongai akaita, "Tiya."

"Niko," nikasema.

Nilisema kwa sauti nyembamba, nimeinamisha kichwa nyuma ya bega la Nurto. Kalamu ikatia alama. Halafu akaita Umulkheir, na nikasema tena, "Niko," kwa sauti yangu.

Saa nne, wakati wa chai, niliwaambia wenzangu nyuma ya rundo la mchanga. Akiru alifungua mdomo kulia, na Nurto akauziba kwa kiganja.

"Hapana kulia," Nurto alisema. "Ukilia, huyu karani atauliza nani amekufa. Hii maneno isitoke hapa. Tumebakisha wiki sita tu."

"Na matanga?" Akiru aliuliza. "Tutamkalia lini?"

"Tukipata nyumba, tutamlilia ndani ya nyumba. Tiya mwenyewe angesema hivyo."

Labda angesema hivyo, labda hangesema. Hatukumwuliza. Tulikubaliana kwamba mimi ndiye nitakayeendelea kuitikia, kwa sababu nilikuwa nimeanza. Hatukumsomea, hatukupika chai ya msiba, hatukutamka hata lile neno la kumrudisha kwa Mola wake. Tulinawa mikono tukarudi kwenye bloki, na kila asubuhi kwa wiki nzima niliitika mara mbili.

Sijui jambo lile lilianza siku gani. Nililigundua kwenye mstari. Bloki moja ni nzito, mtu hawezi kuirusha, na Tiya alipoondoka mimi na Akiru hatukusogeleana, kila mtu alibaki mahali pake pa zamani. Pengo la mtu mmoja lilikuwa kati yetu. Siku hiyo jua lilikuwa kali na tulikuwa tukipitisha haraka, tunaimba, na katikati ya wimbo niliona kwamba sikuwa nimetembea hata hatua moja. Nilikuwa nageuka kushoto, naachia bloki, nageuka kulia kupokea nyingine. Akiru naye alikuwa akinyoosha mikono na kupokea. Hatua mbili nzima zilikuwa kati ya mikono yangu na yake.

Nilisimama, bloki kifuani.

"Leta," alisema Akiru.

"Nilikuwa nakupa aje?"

"Si unanipa tu."

"Mimi sijatembea, Akiru. Wewe umetembea?"

Aliangalia miguu yake. Mchanga mbele ya miguu yake ulikuwa laini, hauna alama. Mbele ya yangu pia. Katikati, pale alipokuwa akisimama Tiya, mchanga ulikuwa umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Tangu siku hiyo tulisogeleana mpaka mabega yakagusana, na kazi ikawa ya shida.

Baada ya hapo niliona mengine, au niliyatafuta. Mpishi wa mradi alipanga vikombe kumi vya chai. Nilidhani Nurto anakunywa cha kumi, Nurto alidhani ni mimi, na tulipoulizana kikombe kilikuwa tayari kikavu. Na wale watu wa seng'enge! Hawa walikuwa na njaa ya kutuona tumepungua. Mmoja wao, Lochoro, alikuwa akija na vijiti, anachomeka kijiti kimoja ardhini kwa kila mwanamke. Nilipita makusudi karibu naye nikaangalia. Vijiti vilikuwa kumi. Lochoro alinikasirikia kana kwamba mimi ndiye ninayemnyima bahati yake.

Niliogopa, na nikiogopa mimi huwa mkali. Niliamka siku moja nikaamua, leo siitikii. Liwalo na liwe. Nikafunga mdomo, nikauma mdomo wa chini kwa meno mpaka nikaonja damu. Ntongai akaita, "Tiya."

"Niko."

Neno lilitoka mahali pangu. Lilikuwa jembamba, la kichwa kilichoinama, kama nilivyokuwa nikilitoa. Kalamu ikatia alama. Nurto aligeuka akanikonyeza. Saa nne aliniambia, "Leo umejibu vizuri kabisa, hata mimi sikuona mdomo yako ikifunguka."

Nikamwonyesha alama za meno. Aliziangalia sana. Nikamwambia mimi naenda kwa karani, nasema kila kitu.

"Umulkheir, dadangu." Nurto hakuwa mtu wa kusema dadangu. "Angalia huko juu." Mawingu yalikuwa yameushika mlima mzima sasa. "Ukienda, mimi na watoto wangu tunarudi kwenye magunia. Akiru anarudi. Wewe unarudi. Bule wako yuko wapi?"

Hilo lilikuwa neno baya kuniambia, na alijua. Sikwenda kwa karani.

Sasa, kila mtu kwenye kikundi alikuwa ameandikisha mrithi. Tiya alimwandikisha mama yake. Wiki ya mwisho ofisi ilituma barua kwa warithi wote, na ile ya Ado ikaenda kwa chifu wa Sericho, chifu akamsomea. Ilisema binti yako Tiya amemaliza kazi bila kukosa, ataokota nambari ya nyumba yake siku ya Ijumaa, mnakaribishwa kushuhudia. Ntongai aliandika vile rejista ilivyomwambia. Hatukujua habari ya barua hiyo mpaka Ijumaa asubuhi, lori la Kulmiye liliposimama kwenye lango na Kulmiye akamshusha bibi kizee kwa mikono miwili, kama mtu anayeshusha vyombo vya kuvunjika.

Ado alikuwa kipofu. Hilo Tiya hakuwahi kutuambia. Alikalishwa mbele kwenye benchi la wageni, fimbo kati ya magoti, uso ameuinua akisikiliza. Kulmiye alinipita bila salamu. Alisema tu, "Nilimwambia asikuje. Alisema karatasi ya serikali haiwezi kuandika uongo."

Saa tatu kura ilianza. Sufuria ilikuwa kubwa, ya mpishi, na karatasi kumi ndani. Ntongai aliita jina, mtu akaitika, sufuria ikasogezwa mbele yake, akaokota na kusoma nambari, akaandikwa. Nurto alipata nambari moja akapiga vigelegele. Akiru alipata tisa. Mimi nilikuwa nimepanga kusema kwamba Tiya ni mgonjwa na nimechukua kwa niaba yake. Lakini mama yake alikuwa amekaa pale. Mbele ya mama yake ningesema anaugua nini?

"Tiya," Ntongai akaita.

Nilifunga mdomo. Nurto alinishika mkono, na alikuwa akiniangalia usoni, kwa hiyo kuna shahidi.

"Niko."

Ntongai, kichwa ndani ya rejista, alisogeza sufuria kushoto kwangu, pasipokuwa na mtu. Aliishikilia hapo kidogo. Nilisikia karatasi zikikwaruza ndani, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji. Halafu alivuta sufuria, akaokota karatasi iliyoanguka kwenye mchanga, akasoma. "Nambari nne." Akaandika. Aliita jina langu, nikaokota, na mikono yangu ilijua kabla sijafungua. Tatu. Tatu na nne zina ukuta mmoja.

Watu wakatawanyika kwenda kuona nyumba. Ado hakunyanyuka. Alisema kwa Kiborana, lugha ambayo Ntongai hakuijua hata neno, "Yule aliyejibu aje hapa."

Nikaenda, nikapiga magoti. "Akko," nikasema, yaani bibi.

Alinipapasa koo, si uso.

"Ni wewe."

"Si mimi, akko. Wallahi nilifunga mdomo."

Nurto akasema, "Alifunga. Nilikuwa nikimwangalia."

"Sauti ni ya huyu," alisema Ado. "Sijui mdomo ulikuwa wa nani. Mtoto wangu nilimwosha kwa mikono hii. Halafu chifu akanisomea barua kwamba yuko hai, anafanya kazi, hajakosa siku. Njia yote kwenye lori nilikuwa nikijiambia, Ado, wewe huoni, labda uliosha mtoto wa mtu mwingine. Mnajua nilivyofurahi? Niliombea yule mwingine, na nikafurahi."

Hapo nililia. Sikujali karani.

"Mlimlilia?" aliuliza.

Nurto aliangalia chini, na Ado akaendelea.

"Bibi yako alipofariki, nyumba yake mliifanyaje?"

"Tuliifungua," nikasema. Nilikumbuka. Shangazi zangu waliitoa fito kwa fito, ngozi kwa ngozi, wakaimaliza kabla ya jua kutua, ili asiwe na pa kurudi.

"Na hii ya simiti mtaifungua vipi?" alisema Ado. "Tiya wangu amelala Sericho, hana haja na nyumba yenu. Mmeita jina lisilo na mtu, mkaliitikia, mkalipa kazi na chai na mlango. Mimi sijui sasa ndani yake mmeweka nini." Akanyanyuka kwa fimbo, akamwita Kulmiye, na hakukubali hata maji yetu.

Tukahamia. Na nisiwe mnafiki, nilifurahi. Mlango wenye kufuli, sakafu ambayo ungeweza kumwaga unga ukauchota. Nambari nne ilifungwa, na ufunguo akakaa nao Nurto. Tulisema tutamlilia Tiya humo ndani wiki ijayo, watu wakishatulia. Wiki ijayo tulisema wiki ijayo. Mchana, saa ya jua kali, nilikuwa nikisikia upande wa pili wa ukuta kiganja kikilainisha plasta. Kilianza chini kikapanda juu, hakina haraka. Nilipika kwa kelele nyingi ili nisisikie.

Mvua ikaja. Ilipiga mabati siku ya kwanza mpaka Roba akacheza ngoma katikati ya nyumba, na mimi nikakaa kwenye kona nikitazama dari. Halikudondoka tone. Nilisema, Bule, umeona? Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu, mchana, mvua ikiwa imepungua, nilikuwa nakanda unga. Roba alikuwa amelala, Kabale alikuwa mlangoni akichezea maji ya mtaro.

"Kabale!"

Sauti ilikuwa yangu. Haikuwa ile nyembamba ya kuinamisha kichwa. Ilikuwa yangu yenyewe, ninayoitia watoto, yenye ukali kidogo mwishoni na mapenzi chini yake. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Ilitoka upande wa pili wa ukuta.

"Abee, mama!" Kabale alijibu, kama nilivyomfunza, akakimbia.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka mlango wa nambari nne ulikuwa wazi, na kufuli lilining'inia mahali pake bado limefungwa. Kabale alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani. Ndani kulikuwa safi. Kuta zilikuwa zimelainishwa kuliko za nyumba yoyote tuliyojenga, zinang'aa, hazina alama hata moja ya kiganja. Kabale aligeuka akaniona nyuma yake, unga mpaka kwenye viwiko. Aliangalia tena ndani. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeulizwa hesabu ngumu.

"Mama," alisema, "si umeniita huku?"

Nilimvuta mkono mpaka akalia. Halafu nikaingia mimi. Nilikaa katikati ya sakafu ya nambari nne, nikafungua mdomo huu ambao watu wanausema, nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun, Tiya amekufa. Nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Akiru alikuwa wa kwanza kufika, akaanza kulia kabla ya kuuliza. Wakaja wengine mmoja mmoja kwenye matope. Nurto alikuja wa mwisho na sufuria ya chai, akakaa karibu nami, na yeye ndiye aliyelia zaidi ya wote. Tulimwita Tiya kwa lile jibu lake, niko bwana, sijui wewe, tukacheka na kulia. Kuta zilisikiliza. Jua lilipotua sauti ya kiganja ilikuwa haipo, na hakuna aliyeisikia tena.

Bila shaka watu waliuliza nani amekufa. Kesho yake saa mbili nilikuwa ofisini, watoto wawili mkononi, maji yakitiririka kutoka kwenye leso yangu.

"Habari, mama," alisema Ntongai.

Nikamwambia. Nilimwambia nilikuwa nikiitika mara mbili tangu habari ya kifo ilipofika, na kwamba ni mimi peke yangu, wenzangu hawakujua. Kwa mara ya kwanza aliinua kichwa kutoka kwenye rejista akaniangalia usoni.

"Lakini nilimwona," alisema. "Kila siku nilimwona, hapo kando yako."

"Ulimwona uso?"

Alifikiria. Alipitisha kidole kwenye safu ya alama za Tiya. "Hapana," akasema. "Uso hapana."

Alikata majina mawili, la Tiya kwa kifo na langu kwa udanganyifu. Sheria ilikuwa hivyo, na kwa kuwa kura ilikuwa imekwisha, wenzangu walibaki na nyumba zao. Aliniambia pole, na nadhani ilikuwa ya kweli. Nambari nne na tatu zilipewa Lochoro na mtu mwingine wa foleni, na mpaka leo hawajasikia kitu, ila Lochoro anasema nambari nne ina ukuta mzuri ajabu.

Wenzangu walinisaidia kubeba vyombo. Nurto hakuniangalia, alibeba godoro kichwani mpaka nyuma ya Wabera na kurudi. Baadaye aliniletea chai kila asubuhi kwa mvua nzima. Sikumsamehe upesi, lakini chai nilikunywa. Usiku nilimlaza Roba upande mmoja wa kifua changu na Kabale upande wa pili, gunia juu yetu likinywa na kumwaga, nikawasikiliza wanavyopumua mpaka mvua ikaisha. Walipona wote wawili. Kulmiye alimpelekea Ado habari kwamba tumemlilia mtoto wake, na Ado akajibu kwa neno moja, vyema.

Kabale sasa ni mkubwa, ameolewa karibu na hapa. Ni binti mwenye adabu, hakuna asiyemsifu. Lakini nikimwita, haitiki. Tangu mchana ule hajaniitikia hata mara moja. Anaacha alichokuwa akifanya, anakuja mpaka anione, anasimama mbele yangu na kuangalia mdomo wangu. Nikimwita tena, na akauona ukifunguka, ndipo anasema, "Abee, mama."